Sababu ya Safari

Jumanne, baada ya sala ya adhuhuri, Thuraya alipakua wali kwenye sinia kama ilivyokuwa kila siku, akauzungushia mchuzi. Kisha akachukua sahani ya bati iliyobanduka rangi ukingoni, akatia vijiko vitatu vya wali na kuiweka mwisho wa mkeka, peke yake. Hakusema ni ya nani. Uani mwa nyumba ile ya mtaa wa Cheyo, Tabora, walikuwamo wanawake watatu tu: Thuraya mwenyewe, wifi yake Fakhria, na Maua, mke wa mtoto wa Fakhria. Tangu nyumba ijengwe, wanawake wake walikula sinia moja.

Fakhria alitoka kunawa, akaiona sahani. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, mwanamke mrefu aliyetembea polepole, na kwa miezi michache iliyopita shingo yake ilikuwa na uvimbe chini ya taya la kushoto, mkubwa kama kokwa la embe changa. Aliuficha kwa mtandio.

"Wifi, hii ya nani?"

"Ya mgonjwa," Thuraya akajibu bila kuinua macho. "Daktari kasema ni kijidudu. Mimi sikusoma, lakini kijidudu najua hutembea."

"Kasema hakipiti kwenye sinia wala kikombe."

"Kasema yeye." Thuraya alisukuma tambuu yake shavuni ili aseme vizuri. "Mimi natafuna tangu nilipoolewa, tena na tumbaku ndani, na kinywa changu hiki hapa, kizima. Wewe hujawahi kuonja hata jani. Basi huo ugonjwa umepitia mlango gani? Au umeuokota wapi?"

Neno hilo likabaki pale juu ya mkeka. Maua alikuwa kijana, mtoto wa fundi cherehani wa mjini, na hakuzoea kujibizana na shangazi wa mumewe. Alinyoosha mkono wake hadi kwenye sahani ya bati, akakata tonge, akala.

"Huku kuna chumvi nzuri zaidi," akasema.

Fakhria alimtazama mkwewe. Kisha akaiinua sahani ya bati na kuumwaga wali wote juu ya sinia, katikati kabisa, akaketi.

"Mlango uliopitia anaujua Mungu," akasema. "Mimi nakula hapa."

Thuraya akasimama, akachukua kisanduku chake cha tambuu na kuingia ndani. Fakhria alikula matonge manne. Kila tonge lilimchukua muda mrefu, na kila alipomeza alifumba jicho la kushoto, maana maumivu yalipanda hadi sikioni. Maua alikuwa amempikia mlenda kwenye chungu kidogo tangu asubuhi, mlaini, bila pilipili. Alikisogeza chungu karibu naye wala hakusema amempikia nani.

Habari ile ilikuwa imetoka hospitali jana yake, na ilikuwa imechelewa sana kutoka.

Fakhria alikuwa mwonjaji wa asali katika ghala la ushirika. Wafugaji nyuki waliotoka Ipole walileta madebe yao, naye alichovya kijiti, akakiweka kwenye ulimi, akafumba macho, akasema: hii imevunwa mbichi, hii imechemshwa, hii ina moshi, hii nyuki wake walikula ua la mti fulani. Zamani alikuwa akisema pia ipi imetiwa maji ya sukari, lakini mwaka ule wa themanini na nne sukari ilikuwa adimu kuliko asali, na aliyekuwa nayo hakuitia kwenye debe. Kwa ajili ya kazi hiyo aliutunza ulimi wake kama wengine wanavyotunza macho. Hakutafuna tambuu, hakugusa tumbaku, hakula pilipili. Wanawake wenzake walimcheka harusini tambuu ilipopitishwa, naye akaipitisha mbele bila kutwaa.

Koo lilianza kumuuma upande mmoja baada ya Idi. Hapana mtu wa nyumba ile ambaye angefanya tofauti na alivyofanya. Kidonda cha kinywa Tabora kina dawa yake, nayo ni asali ya nyuki wadogo, ile nyepesi yenye uchachu, inayopatikana kidogokidogo katika magogo yenye matundu. Mumewe, Hamoud, aliitafuta mwenyewe. Alikwenda Ipole kwa lori la tumbaku, akarudi na chupa mbili amezifunga kwa shuka lake zisivunjike. Kila alfajiri alimtilia mkewe kijiko, akisema bismillahi, kwa kuwa Kitabu kinasema katika asali mna tiba kwa watu, na Hamoud aliona kumkimbilia daktari kabla asali haijamaliza kazi yake ni kama kutia shaka. Koo lilipoa kila ilipopita asali. Kwa kuwa lilipoa, wakasubiri. Walisubiri miezi mitano.

Aliyeukata huo mwendo alikuwa mfugaji nyuki mmoja wa Ipole aitwaye Mahona. Siku hiyo ghalani Fakhria alionja debe lake, akasema ni safi, daraja la kwanza. Mahona alingoja wenzake watoke nje. Kisha akamrudia kwa sauti ya chini.

"Mayu," akamwita, kama Wanyamwezi wanavyomwita mama, "asali hii ina moshi. Ni yangu, najua. Mwenge ulinizidi mkononi. Wewe ulimi wako haukosi kitu kama hicho. Nenda ukaangaliwe."

Fakhria akalishusha daraja debe lake. Mahona alikubali bei ya chini, wala hakumwambia mtu sababu.

Daktari aliyempokea Fakhria alikuwa mwanamke, Daktari Josepha, mwenye mikono midogo na glavu zilizofuliwa na kuanikwa mara nyingi hata zikawa rangi ya maziwa. Kabla ya kuingiza kile kioo kidogo chenye mpini kinywani mwa Fakhria, alikipasha moto juu ya taa ya spiriti, akakigusa kwanza kwenye mkono wake mwenyewe kuona kama hakiunguzi. Alikata kipande kidogo kutoka shina la ulimi, kikapelekwa kupimwa. Baada ya wiki tatu jibu likarudi, ndipo akamwita Fakhria pamoja na mumewe, akafunga mlango na kulitaja jina: saratani.

Aliwaeleza kila kitu kwa utaratibu. Kwamba tumbaku na tambuu ndizo zinazoleta saratani nyingi za kinywa, na wanaozitumia wasijidanganye. Lakini wako wasiotumia kimojawapo nao wanaipata, hasa huku nyuma, kwenye shina la ulimi na mafindofindo, na mara nyingi dalili ya kwanza ni uvimbe shingoni usiouma. Kwamba wataalamu wa nje, katika miaka hii miwili mitatu, wameanza kuona ndani ya baadhi ya vidonda hivyo kijidudu cha ukoo mmoja na kile kinacholeta chunjua, na ndugu za kijidudu hicho wanashukiwa pia kwa saratani ya mlango wa kizazi. Hawajamaliza kuthibitisha, alisema, lakini yeye hataki kungoja wamalize ndipo aseme. Kinapita ngozi kwa ngozi, watu wanapokaribiana kama mke na mume, na kinywa nacho kimo katika kukaribiana. Hakipiti kwa sahani. Watu wengi mno wanakipata, na karibu wote mwili hukifukuza wenyewe bila wao kujua. Kwa wachache hubaki, kikalala miaka kumi, ishirini, thelathini.

Hamoud alikuwa akitazama sakafu. Aliuliza kwa shida nani basi amempa nani.

"Mzee, hilo hakuna awezaye kulijua," Daktari Josepha akasema. "Mimi siwezi, nyinyi hamuwezi. Mkilitafuta mtapoteza miezi miwili, na miezi miwili ndiyo niliyo nayo ya kumwahisha Dar es Salaam kwenye mionzi. Ikiwa kweli ni kijidudu, huenda wajukuu zenu wakachanjwa kama sisi tulivyochanjwa ndui. Kwa leo tunaye mama huyu."

Walipokuwa mlangoni Fakhria alimuuliza kama asali ndiyo iliyomdhuru.

"Asali haikukudhuru, mama. Kilichokudhuru ni kusubiri."

Alasiri ya Jumanne ileile Hamoud alimkuta mkewe chumbani akikunja kanga kwa ajili ya safari. Treni ilikuwa Alhamisi. Alikaa ukingoni mwa kitanda na kuvua kofia yake, akaigeuzageuza mkononi. Alikuwa mtu mpole, mfanyabiashara ambaye biashara ilimwishia mikononi miaka ya hivi karibuni. Kilichobaki kwake ni jina la nyumba yao, na salamu za watu msikitini.

Alisema kwamba amekwisha kuzungumza na balozi wa nyumba kumi, Mzee Shomari, juu ya barua. Siku hizo mtu hakwenda Dar es Salaam bila barua ya balozi inayotaja sababu ya safari. Aliyekutwa barabarani hana kazi wala maelezo, alikamatwa na kurudishwa kijijini kulima.

"Nimemwambia ni harusi," Hamoud akasema. "Harusi ya binti wa ndugu yetu Ghalibu, Kariakoo. Hapa mtaani tutasema umekwenda kung'oa jino."

"Jino na harusi."

"Usinicheke, Fakhria."

"Sicheki. Nikicheka naumia."

Akaanza kueleza. Watu wanajua miaka aliyozunguka njia yote hii akinunua nta, Igalula, Ipole, hadi huko mbele. Wanajua kwamba Igalula alioa mke, akakaa naye miaka minne, akamwacha. Wakisikia saratani watauliza ya nini, na Thuraya kashaanza kusema ovyo. Wakisikia kijidudu, watahesabu nyumba alizolala. Atakapokaa kwenye safu msikitini, jirani yake atajisogeza. Na yeye Fakhria hatanusurika, maana mwanamke hasalimiki na maneno.

Fakhria alimwacha amalize. Alimpenda mtu huyu.

"Na mimi nilikuja kwako nina marehemu mume wangu nyuma," akasema. "Umesahau? Nilikaa naye miaka sita. Huenda nilikuja nacho mimi. Huenda ulikuja nacho wewe. Daktari kasema tusitafute, nami sitatafuta. Lakini sitaficha."

"Kuficha si uongo."

"Hamoud, barua ya hospitali imeandikwa saratani. Ya balozi imeandikwa harusi. Askari akizishika zote mbili mkononi, ataamini ipi? Wakinishusha Morogoro nikaeleze, nieleze kwa koo gani?"

Hamoud akaiweka kofia kitandani. Kisha akasema neno ambalo alikuwa amelibeba tangu jana, kwamba ile miezi mitano alidhani anamlisha dawa, kumbe alikuwa anamlisha kuchelewa.

Fakhria aliacha kanga, akaketi karibu naye. "Ulikwenda Ipole juu ya lori, mgongo wako mbovu," akasema. "Hilo nalo ninalikumbuka. Lakini hatutachelewa tena kwa sababu ya watu."

Asubuhi ya Jumatano barazani kwa Mzee Shomari palikuwa na watu wengi, kwa kuwa ndiyo siku aliyogawa sukari ya mtaa, kilo moja kwa kila kaya. Wanawake walikuwa wamepanga vyombo vyao kwa mstari: mabakuli, mikebe ya maziwa, vibuyu. Mzee Shomari alikaa nyuma ya meza yenye mizani, miwani yake imefungwa kwa uzi, daftari mbele yake. Fakhria alikuja na Maua. Hamoud alitangulia, akasimama kando karibu na nguzo, kama mtu anayengoja kivuli.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mama. Barua yako tayari." Aliitoa chini ya daftari, akaisoma kwa sauti kama alivyozoea kusoma barua zote, ili pasiwe na malalamiko. Kwamba mwenye barua hii, Fakhria binti Salmini, mkazi wa Cheyo, anasafiri kwenda Dar es Salaam kuhudhuria harusi ya ndugu yake.

Wanawake wakachangamka. Mmoja akataka aletewe halua. Mwanne, jirani wa nyumba ya tatu, mwanamke mnene mwenye maneno, akasema Waarabu hawa wajanja, sukari haipatikani wao wanakwenda kuila Dar harusini, na wengine wakacheka. Hata Fakhria alitabasamu kwa upande mmoja wa uso.

"Mzee," akasema, "hakuna harusi. Naomba uichane."

Mzee Shomari aliitazama barua, kisha akamtazama Hamoud pale nguzoni. Hamoud hakuinua kichwa.

"Karatasi ninayo hii moja tu, mama."

"Basi kata mstari, uandike chini yake."

"Niandike nini?"

"Andika, kwenda kutibiwa saratani ya kinywa."

Kicheko kikakatika. Mwanamke wa mbele alivuta bakuli lake kutoka miguuni mwa Fakhria, vidole viwili tu, kwa adabu, lakini watu wote waliona. Mzee Shomari aliinama mbele na kusema kwa sauti ya kumsaidia kwamba barua hii itasomwa na wengi, mkata tiketi, askari, watu wasiomjua, na kwamba anaweza kuandika "matibabu" tu, inatosha.

"Mzee, Mungu akulipe. Andika saratani. Nimekuwa nikiitwa mgonjwa wa jino tangu jana, nimechoka na jino hilo."

Hapo mtu mmoja nyuma akaguna, nusura acheke. Mzee Shomari akachukua kalamu. Alipokuwa akiandika, mnong'ono ukaanza, na ndani yake Fakhria akasikia maneno aliyokwisha kuyasikia uani kwake: hakuwa akitafuna, basi ni nini.

Akawageukia. Sauti yake ilikuwa imeharibika, nzito upande mmoja, akilazimika kupumzika katikati.

"Mnauliza nimeipata wapi. Niulizeni mimi, niko hapa. Wanaotafuna na kuvuta wanaipata, mkawaambie wenu waache. Mimi sikutafuna. Daktari anasema wako wanaoipata kwa kijidudu, kinapita baina ya mke na mume, wengi wetu hapa tumepitiwa nacho na kikaondoka, hatujui. Kwangu pengine hakikuondoka. Mimi ni mke wa mtu kwa ndoa, mara mbili, na sina ninachokionea haya. Haya yangu ni moja tu. Nilikaa miezi mitano na uvimbe shingoni, nikaufunika kwa mtandio."

Akaufungua mtandio, akaukunja na kumpa Maua. Uvimbe ukaonekana na kila mtu katika jua la saa tatu.

Mzee Shomari alikohoa, akaendelea na kazi yake, maana barua ilikuwa na sehemu moja iliyobaki.

"Msindikizaji?"

Maua alifungua kinywa. Walikuwa wamekubaliana kwamba ataenda yeye.

"Mimi," Hamoud akasema kutoka nguzoni. Alikuja hadi mezani. Uso wake ulikuwa umelowa jasho, na alikuwa hatazami watu, alikuwa akitazama ile karatasi. "Andika Hamoud. Andika mume."

"Mume," Mzee Shomari akarudia akiandika. Aliweka sahihi, akapuliza wino ukauke, akamkabidhi Fakhria kwa mikono miwili. Kisha, bila kuulizwa, akapima kilo ya sukari ya kaya yao na nusu kiganja juu yake, akasema hiyo ni ya chai ya njiani.

Walikuwa wamekwisha kushuka ngazi ya baraza Mwanne alipowafuata. Hakuwa na maneno yake ya kawaida. Alimshika Fakhria kiwiko.

"Dada, cha kwako kilianzaje?"

"Kwa nini unauliza?"

"Mfaume." Ndiye mumewe, fundi viatu. "Ana kitu hapa, tangu masika. Hakimuumi. Nampaka mafuta ya habasoda. Anasema akimeza chai sikio linamchoma, namwambia ni upepo."

Fakhria alimtazama. "Kwenye shingo, upande mmoja?"

"Upande mmoja."

"Mpeleke leo. Umuulizie Daktari Josepha. Usingoje kesho, mafuta ya habasoda mazuri lakini mwache aende nayo hukohuko."

Mwanne hakuondoka. "Akinikatalia? Atasema kinywa chake hakina kitu. Mimi nikimwangalia nitajuaje kidonda kilivyo?"

Palikuwa na benchi ukutani kwa Mzee Shomari. Fakhria aliketi juu yake, akageuza uso kulielekea jua, akamwambia Mwanne asogee. Ilimuuma kufungua kinywa, ikamchukua muda, na Hamoud akasimama nyuma yake akamshika kichwa kwa viganja vyote viwili kisitikisike. Akafungua kadiri alivyoweza, akautoa ulimi nje. Mwanne akainama, akatazama ndani, kwa muda mrefu, midomo yake ikitembea kama anayehifadhi kitu kwa moyo. Nyuma yake mwanamke aliyevuta bakuli akasogea hatua moja, kisha ya pili. Mwingine akaweka mkebe wake chini.

"Jamani, sukari," Mzee Shomari akaita kutoka barazani. "Nafunga."

"Utungoje, Mzee," Mwanne akajibu bila kugeuka. "Tunaangalia."